Mlima Uliobomolewa Mara Nne: Kikundi Huokoa Nini Kwanza?

(Haya ni maneno niliyoongea na wenyeviti, makatibu na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia katika semina ya siku moja kwenye ukumbi wa parokia. Wengi waliomba yaandikwe ili wakayasome pamoja na wanachama wenzao.)



Ndugu viongozi, akina mama, akina baba na vijana, nawashukuru kwa kuacha palizi na kuja kukaa hapa siku nzima. Tumeitana kwa sababu ya swali moja. Tangu mafuriko ya Aprili na Mei 2024, vikundi kadhaa vimeniuliza neno lile lile: "Je, tugawane kilichobaki tuvunje kikundi, ama tuendelee?" Kikundi kimoja maji yalibeba mbuzi wa maziwa. Kingine kilipoteza hema na viti vya kukodisha. Na kuna vikundi ambavyo maji hayakuvifikia kabisa, lakini mali yao iliondoka ikitembea kwa miguu miwili. Mnacheka, lakini mnajua ninalosema.

Swali hilo si dogo. Ndani yake kuna karo ya watoto, kuna dawa za wazee, kuna jasho la miaka. Kwa hivyo sitawajibu mbio mbio. Nataka kwanza twende safari, tupande mlima mmoja ulioko mbali, halafu turudi hapa tujibu.

Mlima wenyewe

Mwaka 2018 nilijaliwa kwenda Italia pamoja na mahujaji. Tulipomaliza kusali Roma, tulienda upande wa kusini-mashariki, kiasi cha kilomita 130, mpaka mji unaoitwa Cassino. Juu ya mji huo kuna mlima, na juu ya mlima kuna monasteri ya Monte Cassino, kama mita 520 kutoka usawa wa bahari. Hiyo si juu sana kwetu sisi tulio na Mlima Kenya, lakini kutoka pale chini bondeni ukiinua macho unaiona kama imeninginia hewani. Basi hupanda kwa kona nyingi, kona baada ya kona, hata mama mmoja wa kundi letu akafumba macho akashika rozari mpaka juu.

Kwenye lango kuna neno moja la Kilatini, PAX, maana yake Amani. Ukiingia ndani unakuta nyua tatu zilizozungukwa na nguzo, na njiwa wanatembea bila woga. Katika uwanja wa kati kuna kisima chenye pembe nane, na chini yake kuna tangi kubwa la kuhifadhi maji. Wale akina mama wetu wa mradi wa matangi walisimama pale kisimani muda mrefu, wakiulizana lilijengwaje. Mtakatifu Benedikto mwenyewe aliagiza kwamba, ikiwezekana, monasteri iwe na maji, kinu cha kusagia na bustani ndani ya boma lake, ili watu wasitangetange nje kutafuta mahitaji. Mnaona? Maji, kinu na bustani. Hiyo ni miradi tunayoijua.

Mbele zaidi ni kanisa kubwa, na chini ya altare kuu ndipo panapoheshimiwa kaburi la Benedikto na dada yake pacha, Mtakatifu Skolastika. Hapo ndipo mahujaji hupiga magoti.

Sasa, ukitazama zile kuta unasema, "Kweli hawa wazee wa zamani walijenga." Halafu unaambiwa kuwa sehemu kubwa ya unachokiona ilijengwa upya baada ya mwaka 1944. Kumbe mahali hapa pamebomolewa mara nne! Tena kila mara watu walirudi. Hapo ndipo nikaanza kuwafikiria ninyi.

Benedikto alikuwa nani?

Benedikto alizaliwa karibu mwaka 480 huko Nursia, nchini Italia. Alipelekwa Roma kusoma, akaona maisha ya pale hayampendezi, akaondoka. Alikaa miaka mitatu peke yake katika pango mlimani huko Subiaco, na mmonaki mmoja aitwaye Romano alikuwa akimteremshia chakula kwa kamba. Habari hizi tunazipata kwa Papa Gregori Mkuu, aliyeziandika kabla karne ya sita kwisha.

Baadaye watu walimfuata, akaanzisha jamaa kumi na mbili ndogo pale Subiaco. Muwe wakweli na mimi hapa: kati ya zile kumi na mbili, iliyobaki mpaka leo ni moja tu. Kwa hiyo si kila kikundi alichoanzisha mtakatifu kilidumu. Tusilaumiane sana.

Karibu mwaka 529 alihamia Monte Cassino, mahali palipokuwa na hekalu la mungu wa kale wa Warumi, akajenga monasteri. Hapo ndipo aliandika Kanuni yake yenye sura 73. Ukiisoma Kanuni hiyo utadhani utakuta sala tupu. Sala ziko, tena nyingi. Lakini pia kuna mambo ya jembe, ya jiko, ya mgonjwa, ya mgeni, ya kijana anayechelewa kufika mezani. Ni katiba ya kikundi.

Mara ya kwanza: walibeba nini?

Benedikto alifariki karibu mwaka 547. Haikupita miaka arobaini, watu wa vita walioitwa Walombardi wakaingia usiku wakaharibu monasteri yote. Gregori anasema hawakumkamata hata mtu mmoja. Wamonaki wote walitoka wazima, wakakimbilia Roma.

Sasa hebu tufikirie. Ni usiku, adui yuko mlangoni, una mikono miwili tu. Utabeba nini? Mwandishi wa zamani, Paulo Shemasi, ambaye mwenyewe alikuwa mmonaki wa mlima ule, ameacha habari ya walichobeba. Walibeba kitabu cha Kanuni na maandiko mengine machache. Walibeba pia pauni ya mkate na kipimo cha divai, pamoja na vyombo walivyoweza kuondoka navyo.

Kipimo! Watu wanakimbia kufa na wanabeba kipimo. Kwa nini? Kwa sababu Kanuni ilisema kila mmoja apate pauni moja ya mkate kwa siku na kiasi fulani cha divai, na aliye dhaifu aangaliwe kwa udhaifu wake. Kipimo kile ndicho kilichozuia manung'uniko. Bila kipimo, mwenye mkono mrefu hula zaidi, na mnyonge hunyamaza mpaka siku anapoondoka. Kwetu sisi kipimo ni nini? Ni ile hesabu ya nani alitoa ngapi, nani amekopa ngapi, na zamu ni ya nani. Mali bila daftari huisha bila habari, wazee walisema.

Wamonaki walikaa mbali na mlima wao zaidi ya miaka mia moja, mpaka karibu mwaka 718 ndipo mtu aitwaye Petronaksi wa Brescia alipoanza kuujenga tena. Kuta zilikuwa zimekwisha. Lakini kitabu kilikuwapo, na mtu akikisoma alijua namna ya kuanza.

Mara ya pili: kesi ya shamba

Mwaka 883 wavamizi waliotoka ng'ambo ya bahari, ambao vitabu huwaita Wasaraseni, waliichoma monasteri, na abate Bertario aliuawa. Wamonaki wakahamia mji wa Teano, halafu Capua. Na huko Teano moto ukatokea, kitabu kile cha zamani cha Kanuni kikateketea. Lakini kufikia wakati huo Kanuni ilikuwa imenakiliwa mahali pengi. Kilichoungua kilikuwa kurasa, si katiba. Makatibu, mnasikia? Kama katiba ya kikundi chenu iko nakala moja tu, na iko chini ya godoro la mtu mmoja, mna hatari.

Waliporudi mlimani karibu mwaka 950 walikuta wenyeji wakubwa wamekalia mashamba yao. Si jambo mnalolijua? Abate Aligerno akaenda mahakamani. Mwezi wa Machi mwaka 960, mbele ya hakimu huko Capua, mashahidi walisimama mmoja mmoja wakaapa kwamba wanaijua mipaka ya ardhi ile, na kwamba upande wa Mtakatifu Benedikto uliishika kwa miaka thelathini. Karani aliandika hati kwa Kilatini, lugha ya ofisi. Lakini kiapo cha mashahidi alikiandika kwa lugha ya watu wa kawaida, vile walivyotamka. Leo wataalamu wanayahesabu maneno hayo kuwa kati ya maandishi ya kwanza kabisa ya lugha ya Kitaliano.

Angalieni basi: lugha ya taifa kubwa kama Italia ilianza kuandikwa katika kesi ya shamba, ili watu wa kawaida waelewe kilichoapwa. Nawaomba, andikeni miniti zenu kwa lugha ambayo mwanachama wa mwisho anaielewa. Miniti za Kiingereza ambazo watu wanne kati ya thelathini wanaweza kuzisoma zinawalinda wale wanne tu.

Mara ya tatu na ya nne

Mara ya tatu hakukuwa na adui wa kulaumu. Mwaka 1349 tetemeko la ardhi liliangusha monasteri. Waliijenga tena.

Mara ya nne wengine wenu mmeisikia, kwa kuwa ni Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Tangu Januari mpaka Mei 1944 majeshi yalipigania mlima ule, kwa kuwa unatazama barabara ya kwenda Roma. Wajerumani walikuwa wameshika milima ya pande zile. Upande wa pili walikuwako Waamerika, Waingereza, Wahindi, Wapoland, watu wa New Zealand, na pia Waafrika wenzetu kutoka Moroko na Aljeria chini ya bendera ya Ufaransa. Tarehe 15 Februari 1944, ndege zaidi ya 200 za Marekani ziliangusha mabomu juu ya monasteri. Walidhani askari wa Kijerumani wamejificha ndani. Waliokuwamo ni wamonaki wachache, abate wao mzee Gregorio Diamare, na wanavijiji waliokuja kukimbilia usalama. Wanavijiji zaidi ya 200 wanakadiriwa kufa siku ile. Na baada ya hapo Wajerumani wakaingia kwenye magofu, wakayatumia kama ngome. Mlima ulitekwa na Wapoland tarehe 18 Mei. Ukisimama juu kwenye veranda ya monasteri unaliona kaburi lao ng'ambo, misalaba zaidi ya elfu moja. Kundi letu lilinyamaza kabisa pale.

Lakini kuna jambo lilitangulia. Miezi michache kabla ya mabomu, mwishoni mwa 1943, vitabu na hati za monasteri zilipakiwa kwenye makasha zikapelekwa Roma kwa malori. Maofisa wawili wa jeshi la Kijerumani, Schlegel na Becker, walishughulikia safari hiyo. Ndiyo sababu ile hati ya shamba ya mwaka 960 iko salama mpaka leo. Tena walibeba kitabu. Miaka zaidi ya mia tatu na hamsini juu ya elfu moja ilikuwa imepita tangu ule usiku wa Walombardi, na watu wa mlima ule bado walijua cha kuokoa kwanza.

Mwaka uliofuata, 1945, kazi ya kujenga ilianza. Waliamua kujenga mahali palepale, kwa sura ileile. Tusidanganyane kwamba walijenga kwa sala peke yake, kwa maana serikali ya Italia ilitoa fedha. Lakini mafundi waliweza kufuata sura ya zamani kwa kuwa kumbukumbu zilikuwapo. Papa Paulo wa Sita alilitabaruku kanisa tarehe 24 Oktoba 1964, na siku hiyo hiyo akamtangaza Benedikto kuwa msimamizi wa Ulaya. Monasteri ina msemo wake wa Kilatini unaofananishwa na mti: kwamba ukikatwa, unachipuka. Lakini sisi wakulima tunajua. Mti ukikatwa huchipuka kama mizizi iko. Ukiung'oa, hauchipuki.

Mizizi ya kikundi

Basi mizizi ni ipi? Katika Kanuni ya Benedikto nimechagua mambo manne tu yanayotuhusu.

La kwanza ni vifaa. Benedikto aliagiza abate awe na orodha ya vifaa na nguo, ajue ametoa nini na amepokea nini. Wenye zamu ya jikoni wakimaliza juma wavirudishe vyombo vikiwa safi, na msimamizi ahakikishe anapokea kilichotolewa. Sasa, sufuria za kikundi ziko ngapi? Ziko kwa nani? Alizichukua tarehe ngapi?

La pili ni mweka hazina. Kwa Benedikto huyu si mtu wa kubeba pesa tu. Anatakiwa kuvitazama vyombo vyote vya nyumba, hata jembe, kama vyombo vitakatifu vya altare. Asiwe bahili, asiwe mtapanyaji. Na mtu akimwomba asichoweza kumpa, basi walau ampe neno jema. Waweka hazina wangu, hapo napiga mstari! Mwanachama akinyimwa mkopo anaweza kusamehe. Akinyimwa mkopo na kutukanwa juu yake, hatarudi.

La tatu ni mashauri. Palipokuwa na jambo kubwa, abate aliwaita wote, si wazee peke yao, kwa sababu Mungu mara nyingi humfunulia kijana lililo bora. Je, yule msichana wetu wa kidato cha nne, aliyeingia kikundini mwaka huu, amewahi kuulizwa maoni yake?

La nne ni amani. Kanuni inataka waliogombana wapatane kabla jua halijatua. Sisi tunalala na magomvi mpaka uchaguzi wa kamati unaofuata.

Mbegu ya Kanuni hiyo imefika karibu na kwetu. Wamonaki Wabenediktini walianza misheni ya Peramiho, Tanzania, mwaka 1898. Katika vita vya Maji Maji mwaka 1905, wakati watu wa kule walipopigana na utawala wa Wajerumani na kufa kwa maelfu kwa risasi na njaa, misheni zilichomwa, Peramiho ikiwamo, na askofu Cassian Spiss aliuawa. Peramiho ilijengwa tena. Imekuja kuwa na hospitali, karakana za ufundi, na mtambo wa kuchapa vitabu vya Kiswahili. Katekista wengi wa umri wangu wamewahi kushika kitabu chenye jina la Ndanda-Peramiho.

Turudi kwenye swali

Sasa nawajibu ninyi mliopoteza mali. Kabla ya kuulizana kama tugawane, ulizeni kwanza: daftari liko? Kipimo kiko? Watu wako?

Kuna kikundi kimoja cha bondeni, sitakitaja jina kwa heshima yao, ambacho maji yalipoingia usiku katibu aliweka daftari na katiba ndani ya karatasi ya nailoni, akazifunga kwenye kamba juu ya dari, ndipo akatoka na watoto. Walipoteza mbuzi wote. Lakini walipokutana chini ya mwembe baada ya majuma matatu, walisoma daftari toka ukurasa wa kwanza. Kila mtu alijua deni lake na haki yake. Hakuna aliyepigana. Wameanza na kuku.

Ikiwa daftari liko na watu wanaaminiana, msivunje kikundi kwa sababu ya mbuzi. Mbuzi huzaliwa. Ikiwa daftari limepotea lakini watu wako, kaeni chini, kila mmoja aseme anachokumbuka mbele ya wote, mashahidi wathibitishe, kama kule Capua, mwandike upya, mtie sahihi na vidole gumba. Lakini ikiwa hakuna daftari, hakuna kipimo, na wanachama hawatazamani usoni, basi kinachotafutwa si mradi mpya wala mfadhili. Ita mkutano, fungua hesabu, patanisheni. Mkiona hata hapo haiwezekani, fungeni kwa amani, kila mtu apewe haki yake kwa maandishi. Hiyo si aibu. Aibu ni kugawana gizani.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Katiba ya kikundi chetu iko nakala ngapi, na ziko wapi? Nani aliisoma mara ya mwisho?

2. Tutaje vifaa vyote vya kikundi bila kutazama daftari. Halafu tufungue daftari, tuone kama vinalingana.

3. Usiku wa hatari, ni nani amepewa kazi ya kuokoa kumbukumbu? Na yeye asipokuwapo, ni nani?

4. Ni mwanachama gani hajaongea mkutanoni mwaka huu? Nani atamtembelea kabla ya Jumapili?

Mungu awabariki. Mkimaliza, chai iko nyuma ya ukumbi. Wenye zamu ya vikombe, tafadhali mvirudishe vikiwa safi na mvihesabu.